Kijiko cha Changarawe

Anapiga simu saa kumi na mbili, kabla daktari hajapita.
Hasalimii. Anauliza: "Umewapa mawe?"
Miaka arobaini na moja ya ndoa, Alojz,
hukuwahi kuniuliza mimi kama nimekula.

Nimewapa.
Nimepanda ngazi ya dari kwa magoti yangu haya,
nimefungua mlango uliokuwa wako peke yako,
na njiwa sitini wakanitazama kwa jicho la pembeni,
jicho la rangi ya chungwa, jicho la karani
anayejua hati zako hazijakamilika.

Ulinifundisha kwa simu, ukikohoa katikati ya vipimo:
maganda ya chaza vikombe vitatu, yale ya dukani,
maana sisi wa Zabrze bahari tunaisikia redioni tu;
kokoto nyekundu, kikombe na nusu;
mkaa, kiganja; chumvi, kidogo kuliko unavyodhani;
na tofali la zamani, la tanuri lililobomolewa,
litwange lifikie punje ya mtama.
Si unga, Otylia, si unga!
Unga ni wa mapafu. Ndege anataka punje.

Hapo ukanyamaza. Nami nikanyamaza.

Ndege hana meno.
Mahindi na njegere hushuka nzima nzima hadi goleni,
kisha firigisi, ngumi ya mtoto mchanga,
husaga kwa mawe aliyojiokotea mwenyewe.
Bila mawe, gunia zima ni mzigo tu:
atakufa njaa na gole limejaa.

Na wewe, uliyeshuka mita mia saba
kila alfajiri kwa miaka ishirini na sita,
uliyameza pia, ila kwa pua,
na humo kifuani hamna msuli wa kuyasaga.
Yamekaa.
Yanakusaga yenyewe.

Lakini nilitaka kusema habari ya mayai.
Wiki ya pili, yule jike wa mia nne kumi na saba,
mwenye kovu la mwewe begani,
alitaga yai lisilo na ganda.
Lilitetemeka kiganjani kama kope ya mtu anayeota.
Sikukwambia. Ulikuwa na homa.
Kesho yake nilimkuta anadonoa ukuta,
anakula chokaa ya nyumba yetu chembe kwa chembe,
nikamwambia: ngoja, mwanamke mwenzangu.

Nikagonga milango. Kwa Bi Gwóźdź, kwa Trudka wa chini,
hata kwa yule mjane asiyetusalimu:
nipeni maganda ya mayai, msitupe.
Nikayaoka hadi jiko likanuka nywele zilizoungua,
nikayaponda kwa chupa, nikayatia katika mchanganyiko wako.
Hayakuwamo kwenye orodha.
Yai lililofuata liligonga pete yangu ya ndoa: ti.
Gumu.

Jumamosi waliwafungulia Ostende, upepo ukiwakabili.
Mumewe alirudi Jumapili, saa tisa na kitu.
Hakuna kombe kwa saa tisa na kitu.
Aliangukia ubao kama glavu iliyotupwa,
akapita maji, akapita mahindi,
akaenda moja kwa moja kwenye kisahani cha mawe.

"Weka simu karibu naye," ukasema.
Nikaiweka. Tik. Tik-tik. Tik.
Nikapiga magoti katika kinyesi na manyoya,
nikisikia upande mmoja mdomo wa njiwa,
upande wa pili pumzi yako, nayo inadonoa, inadonoa.

Kisha ukasema: "Huo si mlio wa mawe yangu.
Umetia nini humo?"

"Maganda."

Ukakohoa, au ukacheka.
Kwa simu hiyo mbovu sikuweza kujua,
na muuguzi akakunyang'anya.